Mpaka Daktari Awe Bingwa wa Moyo

Bweyeye ni sekta ya milimani iliyo katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika sehemu iliyojulikana kabla ya mwaka 2006 kwa jina la mkoa wa Cyangugu. Upande mmoja imepakana na msitu mkubwa wa Nyungwe, na upande wa pili inatazamana na Burundi. Barabara iendayo huko huachana na ile kuu itokayo Huye kwenda Rusizi mahali paitwapo Pindura, kisha hushuka ikipita katikati ya msitu. Miaka ya karibuni barabara hiyo imetiwa lami, na safari iliyokuwa ya taabu imekuwa nyepesi.

Hata hivyo, mtu wa Bweyeye anapopatwa na maradhi ya moyo, safari yake bado ni ndefu. Kituo cha afya kipo hapo hapo. Hospitali za wilaya ni Gihundwe na Mibilizi. Lakini daktari bingwa wa moyo, pamoja na vyombo vyake, aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa, hasa zile za Kigali, zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Kamembe. Na akifika huko mgonjwa hukuta wenzake wengi wamemtangulia, kwa sababu wagonjwa ni wengi na mabingwa ni wachache.

Wako watu wanaouliza kwa nini serikali haiajiri mabingwa wa moyo wa kutosha, mmoja kwa kila wilaya. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halipatikani katika fedha peke yake. Jengo la hospitali laweza kukamilika kwa miaka miwili. Mtambo waweza kununuliwa na kufungwa kwa miezi michache. Bingwa wa moyo hununuliki wala hafungwi kama mtambo. Hufundishwa hatua kwa hatua tangu utotoni, na kila hatua ina mlango mwembamba ambao wengi hawapiti. Yafaa kila nyumba iijue njia hiyo, kwa sababu mbili: iko nyumba ambayo siku moja itamhitaji bingwa huyo, na iko nyumba ambayo ndimo atakamotoka.

UGONJWA UANZIAO KOONI

Kabla ya kueleza njia ya daktari, ni vyema kuueleza ugonjwa unaomfanya ahitajiwe mno katika sehemu kama Bweyeye. Mjini maradhi ya moyo yatajwayo zaidi ni yale ya shinikizo la damu na mishipa kuziba, ambayo huwapata hasa watu wazima. Vijijini, maradhi hayo yapo pia na yanaongezeka. Lakini liko jingine linalowawinda watoto, nalo huanzia kooni.

Mtoto wa umri wa kati ya miaka 5 na 15 hupatwa na mafindofindo. Koo huvimba na kuuma, homa humpanda, na kumeza chakula humwia shida. Mara nyingine maradhi haya huletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka. Baada ya siku chache mtoto hupata nafuu, akarudi kucheza, na mama akasahau. Kumbe mwili wake, ulipokuwa ukipigana na kijidudu kile, umeanza kuvishambulia viungo vyake wenyewe. Majuma mawili au matatu baadaye homa hurudi. Magoti huuma, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi.

Maumivu ya viungo hupita bila kuacha alama. Kwa moyo si hivyo. Moyo una milango minne, iitwayo pia valvu, ambayo hufunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Homa ile ikirudiarudia, milango hiyo hupata makovu, ikawa migumu. Mmoja hukataa kufunguka vizuri na mwingine hukataa kufunga. Mtoto huyo aweza kuishi miaka mingi bila kujua. Kisha, kidogo kidogo, mlima aliokuwa akiupanda kwa mbio humshinda, hulala kwa mito miwili au mitatu kwa sababu ya kukosa pumzi, miguu huvimba, na wengine nyumbani huanza kunong'ona habari za uchawi.

Wanaoumia zaidi ni wanawake. Utafiti mkubwa ulioitwa REMEDY, uliofanywa kati ya mwaka 2010 na 2012, uliwachunguza wagonjwa 3,343 wa aina hii katika nchi 14, Rwanda ikiwa mojawapo. Wagonjwa wawili katika kila watatu walikuwa wa kike, na nusu yao hawakuzidi umri wa miaka 28. Hawa ni wasichana na mama vijana. Mama mjamzito huongezeka damu mwilini karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mlango wa moyo uliosinyaa hauwezi kuipitisha. Damu hurudi mapafuni, na mama huzama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Wengi hugundua kuwa wana ugonjwa wa moyo siku hiyo ya hatari, hawakupata kuambiwa kabla.

Huyo ndiye mgonjwa anayemngojea bingwa.

HESABU YA MIAKA

Sasa ichukuliwe mfano wa mtoto wa Bweyeye anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, mwenye akili na bidii, ambaye hakurudia darasa hata moja. Shule ya msingi ni miaka 6, na sekondari miaka 6 mingine. Katika miaka 3 ya mwisho ya sekondari lazima achague masomo ya sayansi, yaani biolojia na kemia pamoja na fizikia au hisabati, na afaulu vizuri sana, kwa kuwa nafasi za udaktari katika chuo kikuu hazitoshi wote wanaozitaka.

Masomo ya udaktari huchukua miaka 5 au 6 kwa kadiri ya chuo na nyakati. Kwa Rwanda chimbuko la elimu hiyo ni Butare, ambako Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa mwaka 1963, kikaunganishwa na vyuo vingine mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya uangalizi. Ndipo huandikishwa rasmi kuwa daktari, na kwa kawaida hupelekwa kufanya kazi katika hospitali ya wilaya.

Miaka hiyo ya wilayani, ambayo vijana wengine huiona kuwa ya kupoteza wakati, ndiyo inayomjenga daktari. Hapo hupasua mama aliyeshindwa kujifungua usiku wa manane, hutibu malaria, huunga mifupa, na huzoea kuamua peke yake. Hapo pia ndipo wengi huchagua fani yao. Daktari kijana huweka stetoskopu juu ya kifua cha msichana wa miaka 16 aliyeletwa kwa ajili ya kukosa pumzi. Badala ya mapigo mawili safi husikia mvumo kama wa upepo unaopita katika ufa wa mlango. Hujua kuwa mlango wa moyo umeharibika. Hujua pia kwamba yeye hana uwezo wa kusema umeharibika kiasi gani, wala wa kuutengeneza. Huandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, na mara nyingi hapati kujua mwisho wake.

Akiamua kuendelea, husoma kwanza ubingwa wa magonjwa ya ndani au ubingwa wa magonjwa ya watoto. Katika Rwanda masomo hayo huchukua miaka 4. Katika Tanzania huchukua miaka 3. Wengi hudhani hapo ndipo mwisho. La! Bingwa wa magonjwa ya ndani bado si bingwa wa moyo. Iko ngazi nyingine juu yake, ya miaka 2 au 3, ambayo katika Tanzania mhitimu wake huitwa bingwa bobezi, yaani aliyebobea katika kiungo kimoja tu.

Na ijumlishwe: miaka 6 ya msingi, 6 ya sekondari, 6 ya udaktari, 1 ya mazoezi, 2 ya kazi wilayani, 4 ya ubingwa na 3 ya moyo. Jumla ni miaka 28. Mtoto aliyeanza shule ana miaka 6 atakuwa na miaka 34 siku atakapohitimu, ikiwa hakupoteza hata mwaka mmoja kwa ugonjwa, ada au vita. Na wengi hupoteza.

Rwanda ilipoteza zaidi ya miaka. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, madaktari na wauguzi wengi waliuawa, na wengine wakatawanyika katika nchi za nje. Pengo la waalimu wa udaktari halizibiki kwa mwaka mmoja, kwa sababu anayefundisha bingwa ni lazima awe bingwa mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2012 serikali ilianzisha mpango wa kuleta waalimu kutoka vyuo vikuu vya Marekani, wafundishe madaktari wa Rwanda hapo hapo Rwanda, mpaka wapatikane wenyeji wa kuwapokea kazi.

MLANGO WA UBOBEZI

Daktari aliyemaliza ubingwa wa kwanza hukuta kwamba mlango wa masomo ya moyo una kufuli kadhaa, na kila moja lina ufunguo wake.

La kwanza ni nafasi. Bingwa wa moyo hafundishwi darasani pamoja na wenzake mia. Hufundishwa mkono kwa mkono, na mwalimu mmoja huweza kuwaangalia wanafunzi wachache tu. Kwa hiyo chuo kizima chaweza kupokea watu wanaohesabika kwa vidole kwa mwaka.

La pili ni mahali. Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika Mashariki walilazimika kwenda Ulaya, India au Afrika ya Kusini. Siku hizi milango imeongezeka karibu na nyumbani. Uganda ina Taasisi ya Moyo iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Kenya ina mafunzo ya moyo katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyo Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo ilianza kazi kama taasisi ya kujitegemea mwaka 2015. Zaidi ya hayo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kugawana fani ili kila nchi ijenge kituo kimoja cha umahiri kwa faida ya wote: Kenya ikapewa maradhi ya figo, Uganda saratani, na Tanzania maradhi ya moyo na mishipa, chini ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Rwanda iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2007. Hivyo daktari wa Rusizi aombaye nafasi Dar es Salaam haombi kama mgeni wa mbali.

Kwa upande wa Marekani, ambako vijana wengi hutamani kwenda, yafaa ijulikane kuwa daktari aliyekwisha kuwa bingwa nyumbani kwa kawaida hutakiwa afanye upya mitihani ya nchi ile, arudie miaka 3 ya magonjwa ya ndani, kisha ndipo ashindanie miaka 3 ya moyo. Mtu wa miaka 31 huanza karibu na chini ya ngazi.

La tatu ni vyeti na mashahidi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha shahada zake, cheti cha kuandikishwa na baraza la madaktari, na barua za waalimu waliofanya kazi naye. Barua hizo zina uzito mkubwa. Mwalimu haandiki tu kwamba daktari huyu ana akili. Huandika kama ni mwaminifu, kama hufika zamu kwa wakati, kama hukubali kusahihishwa, na kama mgonjwa maskini humheshimu sawa na tajiri. Sifa hizo hazijengwi katika juma la kuomba nafasi. Hujengwa kwa miaka, zamu moja baada ya nyingine.

La nne ni ruhusa na fedha. Daktari ni mtumishi. Akiondoka, hospitali yake hubaki na pengo. Mwajiri akimwachilia, aghalabu humtaka atie sahihi mkataba wa kurudi na kutumikia kwa miaka kadhaa. Ada, nauli, nyumba na vitabu vyahitaji mfadhili. Wako waliokubaliwa na chuo wakakosa mfadhili, na wako waliopata mfadhili wakakosa ruhusa. Subira ndiyo inayowavusha wengine: hukataliwa mwaka huu, wakarudi kazini bila kinyongo, wakaongeza ujuzi, wakaomba tena mwaka ujao.

AJIFUNZACHO NDANI

Akikubaliwa, hujifunza nini kwa miaka yote hiyo? Kwanza hujifunza upya kusikiliza. Chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa mwaka 1816 na Mfaransa René Laennec, naye alianza na karatasi iliyokunjwa tu. Hata leo hakuna mtambo uliokiondoa. Kisha hujifunza kusoma maandishi ya umeme wa moyo, elimu iliyompatia Mholanzi Willem Einthoven Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Halafu hujifunza kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachojulikana hospitalini kwa jina la eko, ambacho kilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953. Kwa kipimo hicho huweza kuiona milango ya moyo ikifunguka na kufunga, na kupima damu inayovuja. Hutakiwa kufanya vipimo hivyo mamia kwa mamia, kila kimoja kikaguliwe na mwalimu, mpaka mkono na jicho vizoee.

Mwisho huingia katika chumba cha mitambo, ambako mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka moyoni. Wa kwanza kuthubutu jambo hilo alikuwa Mjerumani Werner Forssmann, mwaka 1929. Alijipitishia mrija yeye mwenyewe, kisha akatembea mpaka chumba cha picha kuthibitisha kuwa umefika. Wakubwa wake hawakufurahi. Lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa njia hiyo leo mshipa ulioziba huzibuliwa, na mlango uliosinyaa huweza kupanuliwa kwa kipira bila kupasua kifua.

Ni lazima kutofautisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Bingwa wa moyo anayezungumziwa hapa hupima, hutoa dawa na hutumia mirija. Apasuaye kifua na kubadilisha mlango wa moyo ni mpasuaji, ambaye njia yake ni nyingine na ni ndefu vile vile. Lakini mpasuaji hawezi kuanza kabla bingwa hajamwambia ni nani apasuliwe, lini, na mlango upi. Na mgonjwa akishawekewa mlango wa bandia wa chuma hurudi kwa bingwa maisha yake yote, kwa sababu hutakiwa kumeza dawa ya kuzuia damu isigande na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa msichana aliye katika umri wa kuzaa jambo hilo ni zito, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Shauri la bingwa hapo ni shauri la ndoa na uzazi, si la dawa tu.

WALIOTANGULIA

Vijana wanaoiona njia hii kuwa ya watu wa mijini au wa nchi tajiri wanayo mifano ya kutosha.

Profesa Bongani Mayosi wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1967, alikuwa mtoto wa daktari wa shamba katika jimbo la Eastern Cape, nyakati za ubaguzi wa rangi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Natal, akapata ubingwa katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akaenda Oxford kwa shahada ya utafiti, kisha akarudi. Badala ya kufuata maradhi ya matajiri, alishughulika na homa ya baridi yabisi, na ule utafiti wa REMEDY uliotajwa hapo juu ni kazi aliyoiongoza. Alifariki dunia mwaka 2018. Mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huo.

Kwa Tanzania yupo Profesa Mohamed Janabi. Yeye alisoma udaktari Kharkov, Ukraine. Akasomea magonjwa ya nchi za joto huko Queensland, Australia. Na elimu ya moyo akaipata katika Chuo Kikuu cha Osaka, Japani. Hata hivyo aliporudi aliiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu kuanzishwa kwake, na wagonjwa ambao zamani walisafirishwa kwenda India wakaanza kutibiwa Dar es Salaam. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani katika Kanda ya Afrika.

Kwa Rwanda, Dakta Joseph Mucumbitsi, bingwa wa moyo wa watoto, ametumikia miaka mingi katika Hospitali ya King Faisal, Kigali. Katika kipindi ambacho mabingwa walikuwa wachache mno, vikundi vya wapasuaji kutoka Australia, Ubelgiji na Marekani vilikuwa vikija kila mwaka kufanya kazi kwa majuma machache. Kimojawapo, Team Heart cha Boston, kilianza mwaka 2008. Vikundi hivyo viliokoa maisha ya watu. Lakini mgeni huja na kuondoka, na mgonjwa hubaki. Aliyepasuliwa mwezi wa pili akipata homa mwezi wa nane atamwona nani? Atamwona mwenyeji. Kwa hiyo kila daktari wa nyumbani aliyefuzu ni zaidi ya mtu mmoja.

NYUMBA YA DAKTARI

Iko sehemu ya safari hii isiyoandikwa katika vyeti. Umri wa miaka 27 mpaka 34 ndio umri wa kuoa, kuolewa na kulea. Daktari anayekwenda Dar es Salaam au Nairobi kwa miaka 3 humwacha mwenzake na watoto wadogo, pengine na wazee wanaotegemea mshahara wake. Ndugu hustaajabu: amesoma miaka yote hiyo, mbona bado ni mwanafunzi, mbona bado hajajenga?

Kwa daktari mwanamke mzigo ni mara mbili. Huulizwa maswali ambayo mwenzake mwanamume haulizwi: nani atapika, nani atalea, kwa nini hatosheki na udaktari alio nao. Lakini ikumbukwe kuwa wagonjwa wawili katika kila watatu wa milango ya moyo ni wanawake. Yapo mambo ambayo msichana wa kijijini, mwenye moyo mgonjwa na mchumba anayemsubiri, atamwambia daktari mwanamke na hatamwambia mwanamume.

Yafaa mambo haya yazungumzwe nyumbani kabla ya barua ya kuomba nafasi haijatiwa mkononi mwa posta, si baada ya jibu kufika. Mume na mke wapatane juu ya fedha zitakazotumwa, likizo za kuonana, na ni nani wa ukoo atakayesaidia kulea. Masomo mengi hayavunjwi na ugumu wa mitihani. Huvunjwa na ugomvi wa nyumbani ambao ungeweza kumalizwa kwa mazungumzo ya jioni moja.

Kisha lipo swali la kurudi. Aliyebobea hutakiwa kila mahali, na nchi tajiri hulipa zaidi. Ni rahisi kumlaumu aondokaye, lakini lawama haitibu mgonjwa. Bingwa akirudi akakuta hakuna kipimo cha eko, hakuna dawa, hakuna mwenzake wa kushauriana naye, ujuzi wake hufifia kama panga lisilonolewa. Mkataba wa kutumikia una haki yake. Na chombo cha kufanyia kazi nacho kina haki yake. Nchi inayotaka mtoto wake arudi humwandalia mahali pa kukaa.

BINGWA MMOJA, MIKONO MINGI

Je, wananchi wa Bweyeye wangoje miaka 28? Hapana. Rwanda yenyewe imeonyesha njia. Katika hospitali za wilaya za Rwinkwavu, Kirehe na Butaro, Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la Partners In Health iliwafundisha wauguzi kuendesha kliniki za maradhi ya moyo na kutumia kipimo chepesi cha eko kutambua aina kuu za ugonjwa, chini ya uangalizi wa bingwa aliyefika mara kwa mara. Muuguzi hakugeuka kuwa bingwa, lakini aliweza kumjua anayepaswa kupelekwa mbele upesi na anayeweza kutibiwa hapo hapo. Hivyo bingwa mmoja hupata mikono mingi, na kufundisha huwa sehemu ya kazi yake sawa na kutibu.

Kutoka Uganda imekuja habari nyingine njema. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa nchi hiyo, na kutangazwa mwaka 2021, watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa milango ya moyo, zilizoonekana kwa kipimo cha eko tu, waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka 2. Waliozidiwa na ugonjwa katika fungu hilo walikuwa 3 tu. Katika fungu lisilochomwa walikuwa 33. Sindano hiyo si ya gharama kubwa, wala haihitaji bingwa kuichoma.

WAJIBU WA WAZAZI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ugonjwa huu ni koo la mtoto.

Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya, asikatwe kimeo. Desturi ya kukata kimeo haitibu mafindofindo, na imewaletea watoto wengi kuvuja damu na vidonda vibaya. Akipewa dawa ya siku 10, azimalize siku 10 hata kama siku ya tatu anacheza. Viungo vikiuma kwa kuhamahama baada ya koo kupona, au mtoto akianza kurusharusha mikono bila kutaka, asidhaniwe kuwa ni mtundu wala amerogwa. Arudishwe kwa mganga wa kituo na aelezwe habari za lile koo. Aliyekwisha kuandikiwa sindano za kila mwezi asikose hata moja, nayo itiwe alama kwenye kalenda ukutani. Msichana mwenye ugonjwa wa moyo apelekwe kwa daktari kabla ya kuolewa na kabla ya kushika mimba. Na watoto wasibanane wengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha, kwa maana kijidudu kile hupenda msongamano.

Kwa mtoto anayesema anataka kuwa daktari, asichekwe. Mzazi na ahakikishe kuwa taa ipo jioni, kwamba biolojia na kemia hazikuachwa, na kwamba binti hakutolewa shule akateke maji wakati kaka yake anasoma. Mwalimu wa sekondari amweleze wazi kuwa safari ni ya miaka 28 na kwamba haina njia ya mkato. Ndugu nao wasihesabu mapema faida ya mshahara wake.

Maana haba na haba hujaza kibaba. Sindano ya mwezi huu humpunguzia bingwa mgonjwa mmoja wa kesho. Na daftari analonunuliwa mtoto mwaka huu humwongezea mgonjwa wa kesho bingwa mmoja. Mambo hayo mawili yamo katika uwezo wa kila nyumba, iwe Kigali, Dar es Salaam au Bweyeye.